Ukuta wa Kutufikisha Mwezi wa Sita

Nyasi zikifunikwa na udongo uliolowa hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Mwanzoni ni harufu ya majani mabichi tu, kama mtu aliyetoka kufyeka uwanja wake. Baada ya siku chache huwa nzito na ya uvuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe zizini asubuhi, na ukichomeka mkono ndani ya tuta unakuta kuna joto. Kwetu Ufipa, Januari hunuka hivyo, kwa sababu huo ni wakati wa kupindua nyasi. Udongo ukishalainika kwa mvua, wanawake huukata kwa jembe pamoja na majani yake, hulipindua kila bonge ili nyasi zitazame chini, kisha huyapanga mabonge hayo kuwa matuta ya mviringo tunayoyaita ntumba. Nyasi huoza humo ndani mpaka msimu unaofuata, ndipo matuta husambazwa na kupandwa ulezi au mahindi. Shamba lenye ntumba nyingi, ukilitazama kwa mbali kwenye ukungu, utadhani ni kundi la kondoo limelala.

Ninaueleza utaratibu huu mapema kwa sababu Januari ninayotaka kuisimulia ilisimama juu yake. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne. Baba yangu alikuwa amefariki kabla ya mvua za mwanzo, kwa homa iliyomchukua upesi, na tulibaki wanne nyumbani: mama, mimi Skolastika niliye mkubwa, mdogo wangu Ozwald, na Fausta ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni akichoka. Kijiji chetu kiko juu ya uwanda, mahali ambapo mtu akitoka asubuhi kwa miguu hufika Sumbawanga mjini jua likiwa kichwani. Ni nchi ya wazi. Miti ni michache, upepo ni mwingi, na baridi ya Januari ni ya kukufanya ulale na nguo zako zote. Nyumba yetu ilijengwa kwa tofali mbichi na kuezekwa kwa nyasi. Kila kiangazi baba aliukandika upya ukuta wa mwisho, ule ambao mvua ya upepo huupiga kwanza, na chumba cha wazazi kilikuwa nyuma yake. Mwaka ule hakukuwa na wa kuukandika. Mama alikuwa kwenye matanga, kisha kwenye kilimo, kisha mvua ikawa imeshafika.

Ukuta huo ulianguka siku ya Mwaka Mpya, sisi tukiwa kanisani. Tulikuwa tumeacha sufuria ya maharage jikoni, kibanda cha pembeni, na njiani Ozwald alikuwa akieleza jinsi atakavyokula ukoko wa ugali peke yake kwa sababu mwaka ni mpya. Tulipokata kona ya mwisho tuliona kitanda cha wazazi kutokea barabarani. Ukuta mzima ulikuwa umelala chini kama mtu aliyechoka, na juu ya godoro alikuwa amesimama kuku wetu mwekundu, anatutazama. Paa halikuanguka, lilikuwa limeshikwa na nguzo za pembeni, ila lilikuwa limeinama upande huo. Mama alimteremsha Fausta mgongoni. Kisha alimfukuza kuku, akakusanya matandiko, akaenda jikoni kutazama maharage. Tulikula. Nakumbuka vizuri kwamba tulikula, na kwamba chumvi ilikuwa imetosha, kwa sababu nilishangaa jinsi chakula kinavyoweza kuwa kitamu siku nyumba imeanguka.

Jioni ile ile alikuja baba mkubwa Kasiani, kaka yake marehemu baba. Sitaki asomwe kama mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki, mwenye koti la kijivu alilovaa mvua na jua, na baada ya msiba ndiye aliyebeba mzigo wa kutufikiria. Alizunguka nyumba na mikono mgongoni, akaligusa paa kwa fimbo, akaja kuketi jikoni karibu na moto. Walizungumza kwa Kifipa. Nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka.

"Shemeji," alisema, "hapa hakuna nyumba."

"Kuna nyumba yenye kuta tatu," mama alijibu.

"Kuta tatu ni zizi. Sikiliza. Tuwagawe watoto kabla shule hazijafunguliwa, kila mmoja aandikishwe huko atakakokuwa. Skola aje kwangu. Ozwald aende Laela kwa shangazi yake. Huyu mdogo ubaki naye, uteremke naye kwa kaka yako kule Muze, huko kuna joto."

"Mpaka lini?"

Baba mkubwa aliutazama moto. "Mpaka tutakapoona."

Nilikuwa nimempakata Fausta. Neno lile, mpaka tutakapoona, lilinitia hofu kuliko ukuta. Nilikuwa nawajua watoto kijijini kwetu waliogawanywa hivyo baada ya msiba, wakawa wageni kwa ndugu zao wa tumbo moja; wanakutana kwenye harusi na kuulizana majina ya watoto. Mama naye alikuwa anawajua. Alisukuma kuni motoni, kisha akamjibu.

"Shule zikikaribia kufunguliwa, njoo utazame. Ukikuta ukuta, wanabaki. Usipokuta, wachukue, na mimi mwenyewe nitawafungia nguo zao."

"Shemeji, Januari hakuna tofali linalokauka."

"Najua."

"Na miti ya kujengea huku juu hakuna."

"Hilo nalo najua. Wewe umesema mpaka tutakapoona. Nami nasema njoo uone. Tumekubaliana?"

Alikubali. Nadhani alikubali kwa huruma, kama mtu anavyomwachia mgonjwa achague chakula.

Asubuhi iliyofuata mama aliwaacha wadogo kwa jirani yetu Mama Deo, akanichukua mimi tukateremka Muze. Mpango wake alikuwa nao tayari kichwani, sehemu yake ya kwanza angalau: huku juu hakuna miti wala mianzi, lakini kule bondeni, karibu na Ziwa Rukwa, kuna matete. Matete yakisukwa vizuri huzuia upepo na kushikilia chochote kitakachoegemezwa. Tulishika njia ya miguu inayokata ukingo wa bonde. Kwa asiyefika huko, uwanda wetu haumaliziki taratibu. Unakatika, na chini yake kuna nchi nyingine. Tuliondoka kwenye ukungu na baridi, na kadiri tulivyoshuka nilivua sweta, kisha kitambaa cha kichwani, kisha nikatamani kuvua viatu vya plastiki vilivyokuwa vinanichemkia miguuni. Harufu ikabadilika. Kukawa na miti, vumbi lenye unyevu, na mbu waliokuwa wakifanya kazi mchana. Mbali kabisa ziwa liling'aa jeupe kama bati. Mashamba ya mpunga ya upande wa Ilemba na Muze yalikuwa ya kijani kikali mno, nikamuuliza mama kama wameyapaka rangi. Aliniambia nitazame ninapokanyaga.

Mjomba Filbert, kaka yake mama, alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kifupi. Alitukuta tumekaa chini ya upenu wa nyumba yake, akatutazama miguu iliyojaa matope ya rangi mbili.

"Watu wa juu mmefika," alisema. "Mmekuja kula au mmekuja kulia?"

"Tumekuja kuchukua matete," mama alisema.

"Januari?"

"Kwani matete yana likizo?"

Alicheka, lakini aliposikia habari yote alituingiza ndani. Mke wake alitupikia wali na kambare mbichi kwa nyanya. Ilikuwa siku ya kawaida katikati ya wiki, hakuna ubatizo wala Noeli, na sahani ilikuwa imejaa wali. Kwetu wali ulikuwa chakula cha kusubiri. Nilikula polepole, nikiogopa kwamba mtu atakumbuka si sikukuu na kuuondoa. Mjomba aliniona.

"Huyu tayari ni mtu wa Muze," alimwambia mama. "Mwache. Na wewe kaa. Chumba kipo, na huku hata ukuta hauhitajiki, joto lenyewe ni blanketi."

Nilimtazama mama kwa matumaini, sitaficha. Sahani ile ilikuwa na nguvu. Mama alikuwa akitoa mwiba wa samaki mdomoni. Aliuweka ukingoni mwa sahani yake kwanza.

"Kaka, nakushukuru. Lakini nikishuka na mmoja, sitapanda tena na watatu. Shamba litapewa mwenye kulilima, nyumba itabomolewa, na watoto watakuwa wa kila mtu. Nipe matete. Na kama una mpunga, nipe mpunga."

"Mpunga wa nini? Huna ukuta, unataka pilau?"

"Nataka watu waje."

Wakati ule sikuelewa. Mjomba alielewa, maana hakuuliza tena. Siku iliyofuata tulikata matete tukiwa tumesimama kwenye maji ya magotini, yeye mbele na sime, mama na mimi nyuma tukifunga mizigo kwa kamba za magome. Majani yake yanakata kama wembe. Mikono yangu ilijaa mistari myembamba iliyowasha nilipotoka jasho. Shangazi, mke wa mjomba, alitwanga mpunga na kuutia kwenye gunia, akaongeza kambare wakavu waliofungwa kwa majani ya mgomba. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko sisi wawili. Ilibidi tusubiri lori la mpunga linalopanda mjini.

Utingo wa lori, kijana mwenye kofia ya sufu katika joto lile, aliyatazama matete yetu kwa dharau ya kikazi.

"Mama, huo ni mzigo au nyumba?"

"Nyumba."

"Nyumba haipandi gari."

"Hii yako ina mlango, ina taa, ina paa, na dereva analala ndani," mama alisema. "Nayo ni nini?"

Abiria waliokuwa wameketi juu ya magunia walimcheka utingo, na dereva alichungulia dirishani kuona kinachochekesha. Akasema tupakie, mradi tuyalalie matete yasipeperuke. Tulipanda ukingo wote tumelala kifudifudi juu ya ukuta wetu, mama na mimi, lori likinguruma na kuteleza kwenye kona, na baridi ikaturudia kidogo kidogo. Nilivaa kitambaa, kisha sweta. Tulipofika juu mvua ilikuwa inanyesha, na mama alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba.

Sehemu ya pili ya mpango wake niliijua siku hiyo. Wanawake wa upande wetu walikuwa wakilima kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye zamu huwapikia. Zamu ya mama ilikuwa inafika wiki ile, kwa ajili ya kutengeneza ntumba. Mama aliamua kwamba shamba lake lisiguswe. Wanawake waje na majembe yao kama kawaida, wakate mabonge ya nyasi kama kawaida, lakini badala ya kuyapanga shambani wayapange penye ukuta, yakiegemea matete. Tofali la kukauka hakuna. Basi atajenga kwa kitu kisichohitaji kukauka. Na kwa kuwa kazi ilikuwa ngeni na mvua ilikuwa kali, aliwatangazia kwamba chakula kitakuwa wali na kambare. Walikuja hata ambao hawakuwa kwenye zamu.

Gharama ya uamuzi huo niliipima nikiwa mtu mzima. Shamba lisilo na ntumba mwaka huu halina chakula cha kutosha mwakani. Mama alikuwa anachukua ulezi wa mwaka unaofuata na kuutia ukutani. Mama Deo alimwambia wazi, jembe likiwa begani.

"Mama Skola, mwakani mtakula matete?"

"Mwakani nitakuomba unga. Utaninyima?"

"Nitakunyima nikufundishe akili." Akavuta pumzi. "Haya, tuanzie wapi?"

Tulianza vibaya. Nalikumbuka kosa lile kuliko kazi yote, kwa sababu lilikuwa kosa la mikono iliyojua sana. Hakuna mwanamke pale aliyewahi kufanya jambo lolote na mabonge ya nyasi isipokuwa kuyaviringisha. Walikata, wakabeba, wakapanga, huku wakizungumza na kuimba, na kila mkono ukafanya kile ulichofanya tangu usichana. Mchana, waliporudi nyuma kutazama, hapakuwa na ukuta. Palikuwa na ntumba nzuri zilizopangwa mstari, zimejaa tumbo, zimechongoka juu, na kati ya tuta na tuta kulikuwa na nafasi ya mbuzi kupita. Mmoja alikuwa hata amechomeka maharage juu ya tuta lake, kama ilivyo desturi ya wengine, akiyatoa kwenye pindo la kanga bila kufikiri.

Mama Deo aliketi kwenye matope akacheka mpaka akashika mbavu. "Tumemlimia chumba cha kulala," alisema. "Mama Skola, utavuna ukiwa kitandani."

Wote walicheka, mama pia. Kisha akachukua jembe akaanza kubomoa. Hakumlaumu mtu. Alifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akasema hakuna bonge litakalovuka kamba. Akachukua panga akalikata bonge la kwanza kingo zote nne, likawa mraba kama mkate, akalilaza nyasi chini. La pili akalilaza juu ya maungio, kama baba alivyokuwa akilaza tofali. Kazi yangu ilikuwa kutembea na kamba na kusema "tumbo" kila nilipoona ukuta unavimba, naye anakuja na panga kulikata. Nililisema neno hilo siku nzima. Wanawake wakaanza kulisema wenyewe kwa wenyewe, wakitazamana viuno. Mikono ilikuwa inasahau na kuviringisha tena, na sisi tunakata tena. Wali uliliwa kwa zamu chini ya paa la jikoni, vidole vikiwa bado vyeusi. Kufikia siku ya mwisho ya kazi ukuta ulikuwa umefika chini ya paa: mnene, mweusi, mzito, una harufu ya shamba. Upande wa ndani, lile jamvi la matete tulilolisuka, ambalo mabonge yaliliegemea, mama alilisiliba kwa udongo mweupe uliochanganywa na majivu. Tukalala chumbani sote wanne.

Mvua haikupumzika. Kila asubuhi kabla ya kuchota maji nilizunguka nyuma kutazama kama ukuta upo. Ulikuwepo, lakini ulianza kubadilika. Kulitokea vitu vidogo vya kijani, vikiwa vimejikunja kama ndoano. Tulikuwa tumebomoa matuta, lakini hatukuwa tumetoa maharage.

Baba mkubwa Kasiani alikuja siku moja kabla ya shule kufunguliwa, koti limelowa mabegani. Alikuwa amekuja na baiskeli, na nyuma ya baiskeli kulikuwa na kamba ya kufungia mzigo. Niliiona kamba ile nikajua ni ya nguo zangu. Mama alimpa shikamoo, akamwambia ukuta uko nyuma. Sote tulimfuata. Alisimama mbele yake muda mrefu. Alisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Alichomeka fimbo, ikaingia kidogo ikakwama.

"Shemeji," alisema mwishowe, "ukuta wako umeota."

"Umeota. Haujaanguka."

"Hii ni ntumba. Kazi ya ntumba ni kuoza."

"Itaoza mwezi wa sita. Mwezi wa sita jua litawaka, nitafyatua tofali, nitachoma. Sikujenga ukuta wa kuzeekea, baba mkubwa. Nimejenga ukuta wa kutufikisha mwezi wa sita."

"Na shambani mwakani?"

"Mwakani kutakuwa kidogo. Hicho kidogo tutakila pamoja."

Alitaka kujua hali ya ndani, lakini chumba kilikuwa cha shemeji yake na hakuweza kuingia. Kwa hiyo alimwita Ozwald, akamwagiza aingie, alale kitandani, afumbe macho, na aseme kama anapigwa na upepo. Tulisubiri nje kwenye manyunyu. Sijawahi kumsubiri mtu yeyote vile, wala daktari.

"Ozwald," baba mkubwa aliita kupitia ukutani, "upepo?"

"Hakuna, baba mkubwa." Kitanda kililia kidogo. "Kuna mdudu."

"Mdudu gani?"

"Nyungunyungu. Anatembea tu."

Baba mkubwa alijifuta uso kwa kiganja, na kilipoondoka kiganja nilimwona anazuia kicheko. Hakusema watoto wanabaki. Alivua koti, akalitundika kwenye baiskeli, akaniambia, "Skola, lete jembe." Alichimba mtaro kando ya ukuta wote, mvua ikimpiga mgongoni, akamwambia mama kwamba maji yangeula mguu ukuta huo kabla ya mwezi wa pili, na kwamba mtu anayejenga kwa nyasi angekumbuka mtaro kwanza. Mama alisema ni kweli. Alimpa wali wa mwisho uliobaki kwenye gunia. Kesho yake tulikwenda shule, Ozwald na mimi, kwa njia ile ile.

Ukuta ulifika mwezi wa sita, ukiwa umeinama kidogo. Kabla ya hapo tuliuvuna maharage, bakuli moja au mawili, na Mama Deo alidai sehemu yake. Tofali zilipochomwa, baba mkubwa na ndugu wengine walikuja kujenga, na ukuta wa nyasi ukabomolewa kwa jembe. Ulikuwa umeoza sawasawa, umekuwa udongo mweusi unaovunjika vidoleni. Tuliubeba kwa vikapu kuupeleka shambani. Haukutosha shamba zima, na mwaka uliofuata tuliomba unga kweli, tukapewa pamoja na masimango. Lakini pale ulipomwagwa, ulezi ulisimama. Masomo yangu ya darasani yaliishia la saba. Mengine nimejisomea, na katika vitabu vya kilimo nilivyopata baadaye nilikuta maelezo marefu ya jinsi nyasi zinavyogeuka kuwa rutuba. Niliyasoma kwa makini, nikaona ni kweli, nikaendelea.

Sasa naishi Malangali, mjini Sumbawanga, nashona nguo, na Januari hii nimeuanza mwaka kwa kukarabati nyumba. Mafundi wanabadilisha bati na kupiga lipu ukuta wa nyuma. Saruji haijali kama ni Januari. Nikihitaji kitu cha Muze napiga simu asubuhi na mzigo unapanda siku hiyo hiyo. Wali tunakula siku yoyote, na wajukuu wa Ozwald wakija kututembelea huuacha sahanini. Sitamani kurudi kwenye baridi ile. Ninachokosa nakijua kwa jina: mafundi ni watu wazuri, lakini hakuna hata mmoja anayeniuliza mwakani nitakula nini. Ozwald yuko Mpanda, Fausta yuko Mbeya, tumetawanyika kama baba mkubwa alivyotaka, ila tuliondoka wenyewe, tukiwa tumeshajuana.

Mama ni mzee, anakaa nami. Juzi alikuwa ameketi kwenye kiti chake barazani, shuka mabegani, akimtazama fundi akipima ukuta kwa timazi, na nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Nilimuuliza kama ukuta ungeanguka kabla ya baba mkubwa kufika, angefanya nini. Nilitegemea aseme angejenga tena.

"Ningewagawa," alisema.

Niliinama kuchukua kikombe chake cha chai.

"Ningeanza na wewe, nikupeleke Muze kwa mjomba wako. Ozwald angepotea njia, Fausta angesahau sura yangu. Wewe ungeweza kurudi peke yako." Aliivuta shuka. "Ndiyo maana nilikuchukua Muze. Nilitaka uijue njia ya kwenda na ya kurudi."

Miaka yote nilidhani alinichukua kwa sababu nilikuwa na mikono ya kubebea matete. Nilisimama pale na kikombe mkononi, mwanamke mzima mwenye nyumba ya saruji, nikijipima kama ningeweza kumpima mtoto hivyo na bado nikaenda kukata ukuta kwa panga ili nisimtoe. Mama hakuningoja nimalize. Aliuliza kama mafundi wameshakula. Nikamwambia bado.

"Basi injika sufuria," alisema. "Wanajengaje na njaa?"